Mwezi wa Mumo

Siku Mumo alipoanza kugonga kichwa ukutani, mama yake, Katee, alikuwa chumba cha pili akishona sketi za shule, na mwanzoni alidhani ni yule fundi wa jirani ananyoosha mlango wa chuma. Mtaa wa Noonkopir haukosi mtu wa kugonga chuma. Lakini kugonga huku kulikuwa na mlio mwembamba ndani yake, na Katee akaacha cherehani ikiwa imeng'ata kitambaa, akakimbia. Alimkuta binti yake amejibana kwenye pembe, macho yamefumbwa, jasho linamchuruzika mpaka shingoni.

Mumo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alizaliwa na usonji, na maneno aliyoyasema yalikuwa machache, nayo huyasema akipenda mwenyewe. Katee alikuwa ameshazijua sauti zake kama mfugaji anavyojua kengele za ng'ombe wake. Kulikuwa na kilio cha king'ora kikipita barabarani, kilio cha lebo ya nguo ikimkwaruza shingoni, kilio cha mvua kubwa juu ya mabati. Kulikuwa pia na sauti ya raha, aliyoitoa akilaza shavu juu ya meza ya cherehani huku mama yake akishona, mtetemo ukimwingia mwilini mpaka anasinzia. Huu mlio mwembamba ulikuwa mgeni kabisa.

Uliendelea mpaka kesho yake, na kesho kutwa pia. Mumo hakula. Alivua nguo zote, akalala kifudifudi juu ya sakafu ya saruji, akasukuma tumbo chini kana kwamba anataka kuzama. Katee alipomgusa, alimng'ata mkono. Baba yake, Nzomo, aliyekuwa dereva wa lori la kusambaza maji, alirudi jioni akakaa mlangoni bila kuvua viatu, hajui aingie au atoke. Halafu asubuhi moja mtoto aliamka kimya, akaomba chai kwa kumpa mama yake kikombe, na ikawa kana kwamba hakuna lililotokea.

Baada ya mwezi, mambo yakarudi. Safari hiyo Mukonyo, dada mkubwa wa Nzomo, alikuwa amekuja kuwatazama. Mukonyo aliongoza maombi ya akina mama kanisani na alikuwa mtu wa kusema jambo likasikika. Alisogeza pazia, akatazama nje juu ya paa za majirani.

"Katee, njoo uone," alisema. "Si mwezi umejaa? Na ile ya kwanza pia ulikuwa umejaa. Nakumbuka kwa sababu tulitoka maombi bila tochi."

Katee alichukua simu akatafuta. Kulikuwa na akina mama wengi, wa nchi hii na nchi za mbali, wenye watoto kama wake, wakiapa kwamba mwezi mpevu huwavuruga: hawalali, hawataki kuguswa, mwanga na sauti vinawachoma mara mbili ya kawaida. Mmoja alisema yeye huanza kuona dalili kabla hata hajatazama angani. Katee alisoma mpaka macho yakamuuma, na jambo la ajabu ni kwamba alijisikia nafuu. Kwa muda mrefu alikuwa akipigana na kitu gizani. Sasa kilikuwa na jina, na kilikuwa na tarehe.

Basi nyumba ile ikaanza kuishi kwa kufuata mwezi. Ukikaribia kujaa, Katee alipigilia blanketi kwenye madirisha mawili, akaziba kwa matambara nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na mabati. Hakupokea kazi ya kushona. Nzomo alibadilishana zamu na wenzake. Kakenya, jirani aliyewaletea maziwa, aliambiwa asibishe hodi, aache chupa mlangoni. Walimnunulia Mumo vile vizuia sauti ambavyo watu wa viwandani huvaa masikioni, naye akavipenda, akawa analala navyo. Lakini siku zikifika, vyote hivyo havikusaidia kitu. Mlio ulikuwa ule ule, na kila safari ulikuwa mrefu kuliko safari iliyopita.

Walimpeleka kliniki moja pale Kitengela. Mumo alipiga kelele tangu mlangoni, akaangusha kiti, na tabibu wa pale hakuweza kumkaribia. Aliuliza maswali akiwa amesimama nyuma ya meza. Alipoambiwa habari ya usonji, alitikisa kichwa kwa huruma, akasema watoto hawa wakifika umri wa kubalehe huwa wanabadilika, wazazi wavumilie, na akawapa dawa ya kumtuliza. Dawa ilimfanya Mumo alie akiwa amelala.

Kisha mambo yakaanza kwenda kombo na mwezi wenyewe. Machafuko, hivyo ndivyo walivyoyaita, yalikuja mwezi haujajaa, bado una upande uliolika. Safari iliyofuata yakatangulia zaidi. Katee alimwambia Mukonyo kwamba hesabu haziendi sawa. Mukonyo alifikiri, akasema labda mwezi umeanza kumvuta mapema kwa sababu amezidi kudhoofika. Katee alikubali. Hakuwa na jambo lingine la kukubali, na kuuachilia mwezi kungekuwa kurudi gizani.

Mchana mmoja wa siku hizo, Mumo alikuwa akigonga kichwa na Katee ameweka kiganja chake kati ya kichwa na ukuta, ili apokee yeye. Mkono ulikuwa umevimba. Alijisikia akimwomba Mungu awachukue wote wawili, pamoja, siku moja, asibaki mmoja wa kumlilia mwenzake. Aliomba kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Aliposikia alichokuwa anakisema, aliogopa, akatoka uani akasimama karibu na tangi la maji. Kakenya alikuwa akipita na ndoo zake. Alizitua, akaingia ndani bila kuuliza, akaweka kiganja chake yeye pale ukutani. Katee alikaa chini kwenye vumbi. Hakuweza hata kulia.

Muda si mrefu Mukonyo akaona tumbo. Alikuwa akimsaidia Katee kumwogesha mtoto, akaacha kumsugua. Sehemu ya chini, juu kidogo ya kinena, tumbo lilikuwa limejaa na kuwa gumu. Mukonyo alimvuta Katee jikoni.

"Huyu mtoto huwa anaachwa na nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Katee alielewa. Alianza kupekua kichwani kila mtu aliyewahi kuvuka mlango ule: fundi wa umeme, kijana wa gesi, wazee wa kanisa, mwalimu wa kituo cha watoto alichokwenda Mumo zamani. Hakuna aliyewahi kubaki na Mumo peke yake, alikuwa na hakika, na bado hakika hiyo haikumpa usingizi. Nzomo naye akaambiwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa akitoka na kusimama langoni, akimtazama kila mwanaume anayepita, hata wale waliomsalimia kwa jina. Katee alinunua kipimo kwenye duka la dawa la mbali, ambako hakujulikana. Kikaonyesha hakuna mimba. Mukonyo akasema vipimo vya dukani huwa vinadanganya.

Ndipo akaleta shauri la mzee Lesiamon. Alikuwa mwombeaji, mtu wa Bisil, mbele ya Kajiado kwenye barabara ya Namanga, na walioponywa kwa maombi yake walikuwa wengi. Mukonyo alitaka Mumo afikishwe kwake siku ile ile ya mwezi kujaa, ili adui anayemsumbua akutwe ndani yake. Wakati huo Mumo alikuwa tayari amechafuka, na siku zilizozoeleka zilikuwa zimepita bila yeye kutulia. Nzomo, ambaye hakuwa mtu wa maombi, aliazima pikapu ya rafiki yake.

"Hata ningeambiwa nimpeleke kwa simba," alimwambia mkewe, "leo ningempeleka."

Waliondoka asubuhi. Katee alikaa nyuma na Mumo juu ya godoro, chini ya turubai, mtoto akiwa amevaa vizuia sauti na kujifunika kanga kichwani. Kila shimo la barabara lilimtoa ule mlio. Walipofika Bisil ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe, mbuzi, honi, watu wakibishana bei, vumbi limesimama hewani. Mumo akararua turubai kwa kucha akijaribu kutoka, na Katee akamlalia kwa uzito wake wote ili asiruke. Wafugaji waligeuka kuwatazama. Mmoja akauliza kama wamemkamata mwizi.

Nyumbani kwa Lesiamon kulikuwa mbali kidogo na soko, na kulikuwa kimya. Mzee mwenyewe alikuwa mrefu, amevaa koti kuukuu juu ya shuka, na aliwasalimia wanawake kwa Kimaasai, takwenya, akingoja waitikie kama mtu asiye na haraka. Mukonyo alimweleza habari yote: mwezi, machafuko, tumbo. Alisema sana. Lesiamon alisikiliza huku akimtazama Mumo, aliyekuwa amejikunja kwenye kivuli cha pikapu, magoti yamegusa kidevu. Hakupaza sauti wala hakumwekea mikono kichwani. Alipiga magoti mbali kidogo, akaomba maneno machache ya Kimaasai, akainuka.

"Nimemwombea," alisema. "Sasa nyinyi niambieni. Huyu mtoto amekojoa saa ngapi?"

Katee alirudi nyuma kwa fikra: asubuhi, hapana. Usiku, godoro lilikuwa kavu. Jana jioni alimpeleka chooni, akachuchumaa, akalia, akainuka.

"Jana," alisema. "Labda jana mchana."

"Basi mimi nimemaliza yangu," mzee alisema. "Mpelekeni hospitali Kajiado. Msipitie kwingine."

Mukonyo alianza kusema kwamba wametoka mbali na jua bado halijatua, mwezi haujachomoza. Lesiamon alimkatiza kwa upole, akasema Mungu wa Bisil ndiye wa Kajiado, na mtoto asiyekojoa hangoji mwezi. Nzomo alikuwa ameshawasha gari.

Katika hospitali ile ya Kajiado muuguzi aliyewapokea aliitwa Nasieku. Ukumbini taa nyeupe za dari zilikuwa zikitoa mvumo ambao watu wengine hawakuusikia; Mumo aliusikia hata kupitia vile vizuia sauti, akajitupa sakafuni. Nasieku aliwatazama, akaenda ukutani akazizima. Watu waliokuwa kwenye benchi walinung'unika, naye akawaambia mwanga wa dirisha unawatosha. Kisha akakaa sakafuni, si karibu sana, akaanza kumuuliza Katee maswali kwa sauti ya chini. Analala? Anakula? Hali hii imeanza lini, na huwa inarudi?

"Na mwezi wake," aliuliza, "huwa unakuja lini?"

"Unajaa leo," Katee alijibu. "Lakini safari hii ulimshika mapema. Zamani alikuwa akingoja ujae kabisa."

Nasieku alimtazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na sauti yake ikabadilika.

"Mama, siulizi mwezi wa juu. Nauliza wa mwanamke. Mumo ameshaona damu?"

"Bado. Nilikuwa nangoja. Kifua kimeota kitambo, lakini damu bado."

Nasieku alinyanyuka akaenda kumwita daktari kwa mwendo ambao Katee aliuona ni wa mtu anayetaka kuficha haraka yake.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya. Ilibidi mkojo utolewe kwa mpira, na hakuna namna ya kumweleza Mumo mpira ni wa nini. Walimshika watu wanne, baba yake akiwa mmoja wao, mpaka sindano ya usingizi ikafanya kazi. Katee alimwimbia sikioni wimbo wa Kikamba wa kubembelezea, na Mumo akamtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa. Nzomo alitoka nje, akakaa kando ya ukuta wa bustani yenye maua makavu, akafunika uso kwa kofia. Mukonyo alikaa karibu naye.

Daktari Muthama aliwaonyesha picha ya tumbo kwenye kioo cha mashine. Alisema damu ya Mumo ya kila mwezi ilikuwa imekuja kitambo, karibu mwaka, lakini haikupata pa kutokea. Alizaliwa na utando mdogo ulioziba njia ya uzazi, na kwa kuwa mtoto mdogo hana damu ya kutoa, hakuna anayejua mpaka akue. Kila mwezi damu ikaongezeka juu ya ile ya zamani, mfuko wa uzazi ukavimba, ukabana kibofu. Msichana mwingine angeshika tumbo, angesema, mama, naumwa hapa.

"Hakuna mtu aliyemgusa," Daktari alisema, akimtazama Nzomo zaidi. "Hilo mliondoe moyoni. Upasuaji ni mdogo. Tutamfanyia asubuhi."

Nzomo aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyesahau namna ya kuacha.

Katee aliuliza habari ya mwezi. Ilimtoka tu, alikuwa ameishi nao mno. Daktari hakumcheka. Alisema wazazi wengi wamemuuliza hilo, na wapo wanaoapa, lakini yeye hajaona uthibitisho wa kumtosheleza. Huenda mtoto anayeumizwa na mwanga kuliko wengine hukosa usingizi usiku unapokuwa mweupe, na akikosa usingizi kila kitu kinamwasha. Hilo hawezi kulikataa wala kuliapia. Maumivu ya Mumo yalikuwa yakizunguka karibu sawa na mwezi, kwa hiyo kwa muda walitembea pamoja. Kisha wakaachana njia.

"Uliona sawa kwamba kitu kinarudi," alimwambia. "Ulikosea tu kinatoka wapi."

Alikusudia kumfariji. Katee alikwenda choo cha wageni, akafunga mlango, akatia ncha ya kanga mdomoni na kuiuma ili asisikike. Aliona zile siku zote, moja moja: Mumo kifudifudi juu ya saruji, akilikandamiza tumbo lake kwenye ubaridi. Mtoto alikuwa akisema. Kwa mwili mzima alikuwa akisema, naye akawa anapigilia blanketi madirishani.

Upasuaji ulikwenda salama. Mumo aliamka na kujaribu kung'oa sindano ya mkononi, akatukana kwa lile neno moja alilojifunza kwa baba yake, halafu akalala tena, usingizi mzito, mdomo wazi. Katee alikuwa hajamwona akilala hivyo tangu mwaka jana. Alikaa akimtazama akihema, akiogopa hata kusogeza kiti.

Walirudi Noonkopir, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Mwezi uliofuata damu ilitoka kama inavyotakiwa, na Mumo alipoiona alipagawa. Hakustahimili pedi, ile plastiki ilimchoma ngozi na sauti yake ya kukwaruza ilimfukuza chumba hadi chumba, akazirarua zote akazitupa uani. Godoro likachafuka, kuta zikachafuka. Katee alikata fulana kuukuu za Nzomo, zile zilizofuliwa mpaka zikawa laini kama ngozi ya sikio, akashona chupi zenye tabaka ndani, mishono yote ikiwa nje isimguse. Ya kwanza ilikataliwa. Ya pili ilikataliwa. Mukonyo alikuja kila siku na sufuria ya uji, hakugusia mwezi wala Bisil, akainama kwenye karai akafua mashuka mpaka maji yakawa meupe, na alipomaliza akaondoka bila kungoja shukrani. Chupi ya tatu Mumo aliivaa nusu siku.

Maumivu nayo hayakuisha kabisa. Yalipungua, lakini yalikuja. Nasieku alikuwa amemfundisha Katee jambo moja kabla hawajaondoka Kajiado: siku Mumo akiwa mzima, amguse tumbo amwambie "tumbo", amguse kichwa amwambie "kichwa", kila siku, bila kuchoka, hata ikionekana ni kazi bure. Katee alifanya hivyo akimvika na akimwogesha. Mumo hakuwahi kuitikia. Mara nyingi aliutupa mkono wa mama yake pembeni.

Siku moja ya mawingu, saa za chakula cha mchana, Katee alikuwa akishona kola za shati, Mumo amelaza shavu mezani kama kawaida yake. Mtoto aliinuka ghafla, akaanza kutembea kwenda ukutani, na ule mlio mwembamba ukasikika. Katee aliacha kushona. Mkono wake ulikuwa umeshainuka kwenda kukaa kati ya kichwa na ukuta. Mumo alifika, akasimama, paji la uso likigusa rangi. Akageuka. Aliushika ule mkono wa mama yake kwa kifundo, kwa nguvu, kama anavyoshika kikombe akitaka chai, akauvuta mpaka chini ya kitovu, akaukandamiza hapo.

"Tumbo?" Katee aliuliza.

Mumo aliendelea kulia, macho yametazama kando, lakini mkono hakuuachia. Katee alimwita Nzomo alete vidonge na chupa ya maji ya moto. Nzomo alikuja mbio, akamkuta mkewe amepiga magoti sakafuni na binti yake amesimama juu yake, akasita kidogo mlangoni, halafu akaingia.